Tairi ya mashine ya kukata nyasi inalala kila asubuhi na gurudumu halitaki kutoka

*"Fundi habari. Tuko Texas, nje kidogo ya Fort Worth, kwa ploti ya eka moja na nusu. Tuna ile mashine ya kukata nyasi ya kukaliwa, jirani alituuzia akihama. Tairi ya nyuma upande wa kushoto inaisha upepo, najaza jioni asubuhi imelala. Mume wangu ni dereva wa trela na harudi mpaka mwisho wa mwezi, nyasi ishafika magotini. Nimetoa ile kofia ya plastiki katikati ya gurudumu, sikuona nati hata moja, na nikivuta gurudumu halisongi. Binamu yangu anasema nijaze upepo mpaka ile namba imeandikwa kwa tairi, na ati tairi ikikataa kukaa kwa ringi inanyunyiziwa petroli na kuwashwa kiberiti. Dukani wanataka niwapelekee mashine nzima. Naweza kubadilisha mwenyewe hapa nyumbani? Jeki ya gari itafanya?"*

Dada, salamu. Nianze na ile ya petroli na kiberiti kwa sababu ndiyo inaweza kukuumiza leo leo: achana nayo kabisa. Najua video ziko kibao, jamaa wanacheka tairi ikilipuka pum na kukaa kwa ringi, lakini hakuna vile utapima ni mvuke kiasi gani umeingia mle ndani, ukizidi kidogo tu tairi inapasuka usoni mwa mtu aliyeinama kuangalia, na hapo bado sijasema unawasha moto kando ya mashine yenye tangi ya petroli na nyasi kavu imejaa chini yake. Kuna njia ya mkanda inafanya kazi ile ile bila moto, nitafika huko.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, unaweza, na jeki ya gari itafanya ukiiweka mahali pake. Ila naona umekimbilia kutoa gurudumu kabla ya kujua ugonjwa. Tairi ya kujazwa jioni ikalala asubuhi inavuja polepole, na tairi ya kuvuja polepole mara nyingi sana haihitaji kubadilishwa, pengine hata gurudumu halihitaji kutoka kwa mashine. Tafuta kwanza upepo unatokea wapi. Watu wananunua tairi mpya, wanahangaika nayo Jumamosi nzima, Jumatatu imelala tena kwa sababu shida ilikuwa valvu.

Changanya maji na sabuni ya vyombo, sabuni iwe nyingi kidogo, weka kwa chupa ya kunyunyizia. Jaza tairi mpaka psi 15 hivi, mashine ikiwa imesimama tu hapo hapo, halafu anza na valvu. Nyunyizia shina lake huku ukilisukuma na kidole upande huu na ule, manake mpira wa valvu ukizeeka unapasuka pale chini unapoingilia ringi na ufa haufunguki mpaka uusukume. Ukimaliza hapo nenda kwa ule mstari tairi inapokutana na ringi, zunguka wote, upande wa nje na wa ndani, na usiwe na haraka, hapo povu lake huwa jeupe laini na linatoka pole pole unaweza kuliruka usipongoja dakika. Mwisho ndiyo uje kwa kashata, pale panapokanyaga chini. Kuona sehemu yote itabidi usukume mashine kidogo, na kama ni ya haidroli, yaani ile isiyo na gia za kubadilisha, haitasukumika mpaka uvute leva ndogo ya kuiachilia, kawaida iko nyuma kabisa karibu na pale pa kufungia trela. Usisahau kuirudisha, la sivyo utawasha injini na mashine haitaenda popote ufikirie umeharibu kitu.

Kwa huko mliko, mimi dau langu naweka kwa mwiba wa mesquite. Huo mti ni ukoo mmoja na mathenge wetu wa Baringo kule Kenya, na mtu aliyewahi kuendesha baiskeli karibu na Marigat hana haja ya kuelezwa zaidi. Mwiba unaingia, unakatikia ndani, na kwa nje unabaki na nukta ya kahawia ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, ukiangalia kwa macho bila sabuni hauioni.

Ukikuta ni mwiba, furahi, umepona rahisi. Uvute na plaizi ukiweza. Tobo la msumari unaliziba kwa zile kamba za pancha za tairi isiyo na tyubu, lakini tobo la mwiba ni dogo sana na hauko mmoja, ukiziba huu kesho ni ule. Hapo mimi ningeweka ile dawa ya kijani ya kuziba pancha, Slime ndiyo jina watu wanalijua. Unatoa kile kipini kidogo cha ndani ya valvu, unamimina kiasi kilichoandikwa kwenye chupa kwa saizi ya tairi yako, unarudisha kipini, unajaza upepo, halafu unaendesha kidogo uwanjani dawa isambae. Wako mafundi wanaidharau, na kwa gari la kwenda barabara kuu naelewa kwa nini, lakini mashine ya kukata nyasi inaenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kwa hiyo kazi yake ni ndogo na dawa inaiweza. Isichoweza ni ufa wa ukutani wa tairi wala valvu iliyopasuka, ukiimwagia hapo umechafua tu ringi.

Kama povu liko kwa valvu, unahitaji valvu mpya ya mpira, ni kitu cha bei ndogo, lakini lazima upande mmoja wa tairi usukumwe chini mkono uingie. Kama liko kwa mstari wa ringi, hiyo ni kutu au uchafu, tairi ibanduliwe, ringi isuguliwe na brashi ya waya mpaka iwe laini. Wengi hapo wanachagua kutia tyubu ndani wasisumbuke na kutu, na kwa ringi iliyoliwa sana ni sawa, ila nikuambie ukweli, kwa nchi ya miiba tyubu si mkombozi vile watu hudhani. Mwiba ukiitoboa inaisha upepo papo hapo, wakati tairi isiyo na tyubu yenye dawa ndani ingevumilia miiba kadhaa bila hata wewe kujua. Na kama ukuta wa tairi umepasuka pasuka kwa jua, nyufa zinaingiza ukucha wa kidole, hapo basi hakuna tiba, nunua mpya.

Ukifika kununua, soma namba zilizoandikwa ubavuni. Mashine nyingi za nyumbani zina 20x8.00-8 nyuma na 15x6.00-6 mbele, maana yake ya nyuma ina urefu wa inchi 20 ikisimama, upana inchi 8, na ringi ya inchi 8. Nunua hizo hizo. Na hizi mbili za nyuma ziwe saizi moja, kwa sababu ile deki ya visu imening'inia kwa fremu na fremu imekalia tairi, upande mmoja ukiwa chini nyasi inakatwa mshazari. Wengi wanaoniletea lalamiko la "mashine inakata vibaya" naanza na geji ya upepo kabla sijagusa kisu.

Haya, tuseme imebidi gurudumu litoke. Hukuona nati kwa sababu hakuna. Kwenye mashine nyingi za nyumbani gurudumu la nyuma limechomekwa tu kwa ekseli, linazuiliwa na klipu nyembamba ya chuma iliyo kama herufi E, nyuma yake kuna washa, kile kibati cha duara chenye tobo katikati, na kinacholizungusha ni kichuma kidogo cha mraba kilicholala kwa mfereji, nusu ndani ya ekseli nusu ndani ya gurudumu. Mafundi tunakiita kii. Zile mashine za leva mbili zinazogeuka papo hapo ndizo huwa na nati nne au tano nyuma kama gari, kwa hivyo ukiona video ya mtu anafungua nati, hiyo si mashine yako. Klipu unaitoa kwa kuisukuma na bisibisi bapa kutoka upande wake ulio wazi, weka kitambaa juu yake kwa sababu inaruka, na tandaza shuka kuukuu chini, kii ikianguka kwa nyasi ya magotini utaitafuta mpaka mumeo arudi. Piga picha na simu kila washa inavyotoka, zingine ziko upande wa ndani wa gurudumu pia na ukizichanganya gurudumu litasugua.

Sasa sikiliza hapa, hii ndiyo sehemu naomba usome mara mbili. Watu wanavuta hendibreki, wanapandisha jeki, na wanaamini mashine imeshikwa. Haijashikwa. Breki ya mashine hizi inashika ndani ya giaboksi, kabla ya difu, na difu kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na lingine wakati wa kukata kona. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani linazunguka huru, na lile la chini linaweza kubiringika kwa sababu difu inalipa nafasi hiyo kupitia mwenzake. Yaani breki imevutwa, imekaza vizuri kabisa, na mashine ya kilo 200 hivi bado inateleza kutoka kwa jeki wewe ukiwa umekaa kando. Kwa hiyo fanya kazi kwa sakafu ya sementi iliyo sawa, si kwa nyasi wala mteremko wa mlango wa gereji, na uweke vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Hendibreki ivute tu, lakini usiitegemee. Toa ufunguo, chomoa na waya wa plagi.

Jeki ya gari iweke chini ya fremu ya chuma karibu na gurudumu, au chini ya kile kibao cha kufungia trela ukitaka kuinua nyuma yote, na kipande cha ubao kati yake isiteleze. Usiiweke chini ya deki ya visu, itapinda. Na usiiweke kwa giaboksi, ganda lake ni la aluminiamu, likipasuka hapo tairi itakuwa shida yako ndogo zaidi. Ikishainuka pachika stendi au magogo mazito chini ya fremu kabla ya kuvuta chochote.

Gurudumu lako halisongi kwa sababu ya kutu kati yake na ekseli, na jirani aliyewauzia sidhani aliwahi kulitoa. Nyunyizia mafuta ya kupenya kutu, PB Blaster au yoyote ya aina hiyo, pale ekseli inapoingia na ndani ya mfereji wa kii, iache usiku mzima, asubuhi nyunyizia tena. Kisha kaa upande wa nyuma ya gurudumu, weka ubao, gonga na nyundo kutoka ndani kwenda nje, pigo moja, zungusha gurudumu robo, pigo lingine. Likisonga hata unywele lirudishe ndani, nyunyizia, litoe tena, linakuja hivyo hivyo kwa kwenda na kurudi. Usigonge ncha ya ekseli, ikipondeka na kutanuka gurudumu halitatoka tena na mshtuko wote unaenda ndani ya giaboksi. Na usipashe moto wa gesi tairi ikiwa hapo. Kuna chombo cha kuvutia, pula ya makucha matatu, ikibidi azima hicho.

Kutoa tairi kwa ringi ndipo wengi hushangaa, wanafikiri tairi ndogo ni kazi ndogo, kumbe ni kinyume. Ile kingo ya tairi ina waya ndani na haitanuki, na kwa duara dogo la inchi 8 hakuna nafasi ya kucheza. Toa kipini cha valvu upepo uishe wote. Kubandua kingo unaweza kulaza gurudumu chini, kuweka ubao mnene kwa mpira karibu kabisa na ringi, ubao mwingine mrefu juu yake uwe kama mteremko, na kumwomba mtu apandishe gari pole pole juu ya huo mrefu. Ukibanduka geuza upande wa pili. Halafu maji ya sabuni mengi, si grisi wala mafuta ya injini, hayo yanaharibu mpira na yanafanya tairi izunguke kwa ringi baadaye. Tumia vyuma viwili virefu bapa vya kutolea tairi, bisibisi zitakukwaruza ringi na hapo ndipo patavuja.

Siri iko hapa: ringi ina bonde katikati, na bonde hilo haliko katikati kamili, limekaribia upande mmoja. Tairi inatokea na kuingilia upande ule bonde liko karibu. Unapoinua kingo na chuma upande wako, ule upande wa mbali lazima uwe umesukumwa ndani ya bonde, pigia goti hapo, ndiyo unapata nafasi ya kuivusha. Ukiona unatumia nguvu mpaka chuma kinapinda, simama, upande wa pili umepanda kutoka bondeni. Kuingiza mpya ni vile vile kwa kurudi. Tairi za kashata ya uwanjani kwa kawaida hazina upande, lakini zile za meno marefu ya kama trekta zina mshale, ufuate.

Sasa ule mkanda. Tairi mpya imekaa imelegea kwa ringi na ukitia upepo unatoka pembeni, ndipo watu wanakimbilia kiberiti. Wewe chukua mkanda wa racheti wa kufungia mzigo, nyumba ya dereva wa trela haiwezi kukosa, zungushia katikati ya kashata na uukaze. Ukibana katikati, kingo zinasukumwa kwenda pembeni na kugusa ringi. Paka sabuni, acha kipini cha valvu kiwe nje upepo uingie kwa kasi, tia upepo wa kompresa, na ikishaanza kushika fungua mkanda kabla haijajaa. Utasikia mlio mmoja halafu wa pili, hizo ni kingo zimekaa. Kisha unarudisha kipini na kujaza.

Na hapo tunafika kwa ile namba ya binamu yako. Iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, mara nyingi pamoja na onyo usikipite wakati wa kukalisha kingo, si kipimo cha kutembelea. Mashine hizi hazina springi, tairi laini ndiyo springi yenyewe, na ndiyo inafanya uzani utawanyike usichimbe uwanja. Kipimo kiko kwa kitabu cha mashine, nyingi ni kama psi 10 nyuma na 14 mbele. Ukijaza kama gari utaruka ruka kwa kiti mpaka mgongo ulalamike na deki itakata juu chini juu chini. Tena fikiria nguvu yenyewe: ubavu mmoja wa tairi ya 20x8.00-8 una zaidi ya inchi 250 za mraba, kwa psi 30 hiyo ni zaidi ya pauni 7,000 zinasukuma kwenda nje, kwa hivyo unapokalisha kingo usisimame juu yake, kaa upande wa kashata kwa umbali, tumia mpira mrefu wa upepo na kichwa cha kujishikiza, na ukifika kikomo kingo haijakaa toa upepo wote uanze upya na sabuni zaidi. Usiongeze. Na ununue geji ya upepo mdogo, ile ya gari kwa psi 10 inabahatisha tu.

Kurudisha ni haraka: sugua ekseli na msasa, paka grisi ya kuzuia kutu ili safari ijayo usipigane, panga mfereji wa gurudumu na wa ekseli, kii iingie, washa kama kwenye picha, klipu ilie klik na uizungushe kwa kidole uone imeshika kwote. Ukisahau kii gurudumu litazunguka bure na mashine haitavuta.

Mahali pa kusimama na kutafuta mtu ni hapa. Gurudumu likigoma baada ya siku mbili tatu za mafuta na pula, ita fundi wa mashine ndogo anayekuja nyumbani, usiongeze nyundo. Ukiona mafuta yanavuja pale ekseli inapotokea kwa giaboksi, vile vile, hiyo ni sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, na si kazi ya gereji ya nyumbani. Ringi yenye ufa ibadilishwe, usikubali mtu akuchomelee. Na kama gurudumu limetoka lakini tairi ndiyo imekushinda, hauna haja ya kubeba mashine nzima kwa duka. Beba gurudumu peke yake kwa buti ya gari upeleke llantera, yale maduka ya tairi ya Wameksiko yaliyojaa huko Texas, wana roho ya fundi pancha wa kwetu na kwa kawaida hawakatai tairi kwa sababu ni ndogo. Ila kama ulikuwa umetia ile dawa ya kijani mwambie kabla hajatoa kipini cha valvu.